Vipepeo, mbawakawa na vunjajungu: kabla hujakamata mdudu, mjue mnunuzi



Miezi hii kuna swali linanifuata kila ninakokwenda. "Afisa, nasikia huko nje wananunua wadudu wetu kwa hela ndefu. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?" Nimeulizwa na vijana wa nyanya kule bondeni, nimeulizwa na dada anayelima iliki huku milimani, na hivi karibuni kijana mmoja alinitumia picha ya mbawakawa wa kujaza kiganja, kamfungia kwenye chupa ya maji, chini kaandika maneno matatu tu: "Huyu bei gani?"

Soko lipo, tena lipo kweli. Ila kwenye soko hilo kuna mnunuzi anayenunua mara moja akapotea, na kuna mnunuzi anayerudi kila wiki. Vijana wengi wanamkimbilia yule wa kwanza kwa sababu ndiye anayetaja bei kubwa. Leo nataka tuwaangalie wote wawili, halafu tuongelee kibali, jambo ambalo limeshawafikisha watu mahakamani na limeshawaachia wakulima wema mabanda matupu.

Ieleweke kwamba siongelei nyuki, wala funza wa kulisha kuku na samaki. Hayo ni masomo mengine. Hapa naongelea wadudu wanaouzwa wakiwa hai ili watazamwe tu.

Anayefuga wadudu sebuleni

Kuna watu Ulaya, Marekani na Japani wanafuga wadudu kama sisi tunavyofuga njiwa. Mtu anaishi ghorofani, hana uwanja, mbwa haruhusiwi, basi anaweka boksi la kioo sebuleni na ndani yake ana vunjajungu. Anampa nzi, anampulizia maji, anampiga picha. Akipata mayai anabadilishana na mwenzake. Ujerumani na Ufaransa kuna magulio kabisa ya wadudu, watu wanapanga meza kama sisi gulioni, mmoja na viwavi wake, mwingine na mbawakawa waliokaushwa.

Na wadudu wa Afrika Mashariki wanapendwa mno. Kuna vunjajungu mmoja mkubwa anayeitwa Idolomantis diabolica, anayepatikana Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Akitishwa anainua mikono na kufungua rangi kama ua, nyekundu, nyeupe na samawati. Wafugaji wa vunjajungu humwita mfalme. Huku kwetu tunampita njiani, na jina lenyewe "vunjajungu" linatosha kumfanya mtoto asimguse. Kuna mbawakawa wa jamii ya Goliathus, ambao aina yao kubwa zaidi hufikia sentimita 11 kwa urefu, na kiwavi wake huweza kukaribia gramu 100. Hebu fikiria, funza wa gramu 100! Aina moja ya jamii hiyo, Goliathus albosignatus, ipo Tanzania. Hata jongoo wetu wakubwa weusi, ingawa si wadudu kwa hesabu za kitaalamu, wanauzwa kwenye maduka ya wanyama wa kufugwa huko nje.

Sasa msikilize huyu mnunuzi anafanya nini na mzigo wako. Hanunui ili ale, wala ili mdudu afe aagize mwingine. Ananunua ili azalishe. Wafugaji wa Ulaya walishagundua kwamba kiwavi wa Goliathus hakui vizuri kwa majani yaliyooza peke yake, anataka protini, kwa hiyo wanampa tembe za chakula cha mbwa au paka. Vunjajungu yule mfalme wanamzalisha kwa joto la taa na nzi wa kuruka. Mfuko mmoja wa mayai unatoa watoto kwa makumi. Ukishamuuzia mtu mmoja hodari majike wachache, umemuuzia mbegu. Mwaka unaofuata yeye ndiye muuzaji, tena yuko kilomita chache kutoka kwa wateja wote, na hahitaji ndege wala karatasi za kutoka Afrika. Mzigo wa kwanza una bei, wa pili bei imeshuka, wa tatu hapokei simu.

Wajapani wametupa mfano mkubwa zaidi. Watoto wa Japani wamefuga mbawakawa wenye pembe tangu zamani, na mdudu wao huyo ni ndugu wa chonga anayetoboa minazi yetu huku Pwani. Mwaka 1999 serikali yao ililegeza masharti ya kuingiza mbawakawa hai kutoka nje, na baada ya hapo wakaingia kwa mamia ya maelfu kwa mwaka. Mwaka 2003 ukatoka mchezo wa kompyuta wa mbawakawa wanaopigana, unaitwa Mushiking, moto ukazidi. Lakini kilichonivutia mimi kama mtu wa shamba ni upande wa pembejeo. Wafugaji wao hulisha viwavi wa aina fulani ndani ya chupa zilizojaa unga wa mbao ulioshikwa na utando wa uyoga, yaani kitu kilekile mkulima wa uyoga anakiandaa kwenye mifuko yake. Mdudu mzima analishwa jeli ya vikombe vidogo. Mimi ningekuwa kule ningeuza chupa na jeli, maana mdudu ananunuliwa mara moja ila jeli inaisha.

Na wanasayansi wao wakaanza kulalamika: mbawakawa wa kigeni wanatoroka, wanazaana na wa kwao, na wanaleta utitiri. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Sisimizi wa Naivasha

Kisa hiki wengi mmekisikia juu juu, lakini maelezo yake ndiyo yenye somo. Mwezi wa nne mwaka 2025, vijana wawili wa Ubelgiji wenye umri wa miaka 19 walikamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha, Kenya, wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Walikuwa wamewapanga kwenye vichupa vya maabara, zaidi ya 2,200, kila kimoja kina pamba. Malkia wa sisimizi anaweza kukaa ndani ya kichupa cha namna hiyo wiki nyingi akiwa hai. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa kipindi hichohicho kulikuwa na raia wa Vietnam na Mkenya, nao wakiwa na sisimizi kwa mamia. Mwezi wa tano mahakama ikawahukumu wote wanne: faini ya shilingi za Kenya milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Wale Wabelgiji walijitetea kwamba wao ni wapenzi wa sisimizi tu, hawakujua kama ni kosa. Haikuwasaidia.

Waliokamatwa ni wale sisimizi wakubwa wanaovuna mbegu za nyasi, Messor cephalotes kwa jina la kitaalamu. Vyombo vya habari vilitaja bei ya Uingereza inayofika hadi pauni 170 kwa malkia mmoja. Ukiipiga hiyo bei mara 5,000 unaona kwa nini mtu anapanda ndege. Lakini angalia yule Mkenya. Faini yake ni sawasawa na ya mgeni, na mwenyeji anayekusanya kwa ajili ya mgeni hapati pauni 170. Wewe unapewa hela ya soda, kosa mnagawana sawa.

Kuna jambo la kibiolojia hapa ambalo vijana wengi hawalijui, na kwangu ndilo linaloamua kama hii ni biashara ya mkulima au la. Malkia wa sisimizi hupandwa wakati wa kuruka, baada ya mvua, na anazitunza mbegu za dume maisha yake yote. Ndani ya boksi hilo halitokei kirahisi. Maana yake karibu kila malkia anayeuzwa aliokotwa porini, hakuzalishwa na mtu. Hapo hakuna ufugaji. Unavuna usichopanda, na kila malkia aliyeondoka ni kichuguu ambacho hakitakuwepo, mbegu ambazo hazitasambazwa na udongo ambao hautatobolewa ili maji yaingie.

Utasikia watu wanakwambia "huyu mdudu hayumo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo ruksa". Si kweli. CITES ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walioorodheshwa. Sisimizi wale hawakuwemo kwenye orodha, na kesi ilikuwepo, kwa sababu sheria ya nchi inasimama kwa miguu yake yenyewe. Wadudu wetu wengi hawamo CITES. Kutokuwemo si kibali.

Mnunuzi anayerudi kila wiki

Tuje sasa kwa mnunuzi wa pili, ambaye mimi ndiye ninayempenda. Huyu ana nyumba ya vioo yenye joto, ndani kuna maua na vipepeo wanaruka, na watu wanalipa kiingilio. Nyumba hizo zimeongezeka sana Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970. Kipepeo mzima anaishi kama wiki mbili tatu hivi, akifa anatakiwa mwingine. Zaidi ya hapo, Marekani masharti ya mamlaka yao ya kilimo huzizuia nyumba hizo kuweka mimea ambayo vipepeo wa kigeni watatagia, kwa kuogopa wasije wakazaana na kuwa wadudu waharibifu. Umeona uzuri wake? Mteja wako haruhusiwi kujizalishia. Lazima anunue, wiki baada ya wiki.

Anachonunua si kipepeo, ni pupa. (Siyo ile pupa ya kukurupuka, ingawa kwenye biashara hii zote mbili zipo kwa wingi.) Pupa ni ile hatua ya kiwavi akishajifunga, hali, hatembei, anasubiri kutoka akiwa na mabawa. Unamfunga kwenye pamba au karatasi laini, unampanga kwenye boksi, anasafiri kwa ndege, anatokea huko.

Waliotangulia katika ukanda wetu ni Kenya. Mradi wa Kipepeo pale Gede, Kilifi, ulianzishwa mwaka 1993 pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Kabla ya hapo majirani wengi wa msitu ule waliuona kama nyumba ya tembo na nyani wanaokula mahindi yao, na walikuwepo waliotaka ukatwe wagawiwe mashamba. Mradi ukawaambia: kamateni jike msituni, mtagisheni nyumbani, leeni viwavi kwa majani, leteni pupa tuziuze nje. Mkulima anahitaji msitu uwepo ili apate mbegu mpya na apate miche ya malisho. Ukikatwa, banda lake linakufa.

Huku kwetu Tanga mfano ni Amani, Usambara Mashariki. Mradi wa Vipepeo Amani ulianza miaka ya mwanzo ya 2000 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, na ukawa na mamia ya wafugaji kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi, wengi wao wanawake. Sehemu ya mapato ilikwenda kwenye maendeleo ya vijiji. Kwa mama asiye na shamba kubwa ilikuwa kazi nzuri mno: haitaki ekari, haitaki jembe la ng'ombe, inataka jicho na usafi.

Halafu ikaja mwezi wa tatu 2016. Baada ya tukio la tumbili hai kukamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakitaka kusafirishwa, serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje kwa miaka mitatu. Marufuku ile haikutofautisha tumbili na pupa. Wafugaji wa Amani, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na tumbili wale, soko lao la nje likafungwa siku hiyohiyo. Mwaka 2019 miaka mitatu ilipofika, marufuku ikaendelea. Mwezi wa sita 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda kwa wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki nao, na tangazo hilo likasitishwa karibu papo hapo.

Serikali ilikuwa na sababu ya msingi, wanyama wetu walikuwa wanaibwa kweli. Ila mfugaji wa pupa na mwizi wa tumbili kuwekwa kapu moja ni jambo ambalo naona lilistahili kutazamwa mapema zaidi, na nimelisema hata kwenye vikao. Nalisema hapa kwa ajili ya hesabu zako wewe: biashara hii inaweza kufungwa kwa tangazo moja, hata kama wewe mikono yako ni safi. Kwa hiyo usiuze ng'ombe ujenge banda la vipepeo. Liwe pembeni ya kitu kingine kinacholisha nyumba.

Kwani lazima uuze nje? Zanzibar wameonyesha njia nyingine. Pale Pete, karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo cha vipepeo kilichofunguliwa mwaka 2008. Wanakijiji wanalea, kituo kinanunua pupa, watalii wanalipa kuingia kutazama. Kipepeo hapandi ndege, mtalii ndiye anayepanda. Kijana mwenye eneo dogo njiani kuelekea hifadhi, Lushoto, Amani au Arusha, hebu lifikirie hilo kabla ya kumfikiria mteja wa London.

Kuna na soko la tatu, la wakusanyaji wa wadudu waliokaushwa. Papua New Guinea serikali yao ilianzisha wakala wa kufuga na kuuza wadudu mwaka 1978, mjini Bulolo, ili mwanakijiji auze kupitia mlango mmoja wenye karatasi badala ya kuuzia mgeni gizani. Wanakijiji wanapanda mimea ya malisho ya vipepeo wao wakubwa pembezoni mwa mashamba, vipepeo wanakuja wenyewe. Hilo la mlango mmoja ningependa sana kuliona kwetu.

Unayemfahamu tayari

Mkulima wa Muheza, kipepeo wa kwanza wa kujifunzia unaye shambani kwako, na unampiga dawa. Yule kiwavi wa kwenye miche ya michungwa, akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyo ndiye Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano. Yai ni dogo, la njano, jike anataga moja moja kwenye jani changa.

Namna ya kumlea si siri. Unakuwa na banda la neti ambalo mtu anapita bila kuinama, lina jua na kivuli, ndani kuna maua yenye nekta na miche ya mchungwa au ndimu kwenye mifuko. Jike anataga. Mayai unayatoa kila siku unayaweka kwenye vyombo vyenye kifuniko cha neti, kwa sababu kuna nyigu wadogo mno ambao hutaga ndani ya mayai na viwavi, na ukichelewa utalea nyigu ukidhani unalea kipepeo. Yai linaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, kiwavi anakula wiki tatu hadi nne, pupa inakaa kama wiki mbili. Baridi inarefusha kila hatua, na hapa kuna mtego: nyumba nyingi za vipepeo za Ulaya zinataka mzigo mwingi wakati wa majira yao ya joto, Juni hadi Agosti, ambapo milimani kwetu ndiyo baridi na viwavi wanajivuta. Wa tambarare ana nafuu hapo.

Vitu vinavyoua ni vilevile unavyovijua kwenye banda la kuku. Msongamano kwanza. Ukiwajaza viwavi kwenye chombo kimoja, siku moja utakuta mmoja kawa mweusi na kulegea kama maji, na kufikia kesho yake ni nusu ya chombo. Toa kinyesi kila siku, osha vyombo, mgonjwa mtoe haraka. Pili, sumu. Jani lililopuliziwa wiki iliyopita na jirani yako litamaliza kundi zima, kwa hiyo miche ya malisho iwe mbali na shamba la dawa. Tatu, damu. Ukizalisha kizazi juu ya kizazi kutoka kwa jike mmoja, pupa zinapungua ukubwa na vipepeo wanatoka wamekunjamana. Ndiyo maana wafugaji wa Gede na Amani walihitaji majike wapya wa msituni, kwa kibali.

Kwenye hesabu zako weka hasara ndani. Chukua namba za kujifunzia tu: mayai 100, viwavi 40 wanakufa, pupa 60, mnunuzi anakataa 10 kwa udogo na kasoro. Umelea mia, unalipwa 50. Na saa inakimbia, maana pupa ya wiki mbili ikilala siku tatu Muheza kusubiri gari, siku mbili Dar kusubiri karatasi, inaweza kutoka kipepeo ndani ya boksi angani. Huyo halipwi. Ndiyo sababu mkulima mmoja mmoja hawezi soko hili. Ni la kikundi, chenye mtu mmoja wa oda na mtu mmoja wa karatasi. Kikundi pia ndicho kinachowazuia wote msilee demodocus kwa sababu ni rahisi. Mnunuzi anataka mchanganyiko: wa michungwa kidogo, Charaxes kidogo, wale wanaokunywa maji ya ndizi zilizooza badala ya nekta, na wengineo ambao miche yao inabidi uotesheni kitaluni mwaka mzima kabla.

Kuhusu kuleta mdudu wa kigeni, mtu akikwambia ana mayai ya kipepeo wa Asia kwenye bahasha, au mbawakawa wa Amerika ya Kusini, uzalishe hapa uuze, mkatalie. Wewe ni mkulima. Umeshaona kantangaze alivyofanya kwenye nyanya, na kiwavijeshi vamizi alivyoingia Afrika mwaka 2016 akakuta mahindi yetu hayana ulinzi. Wajapani walalamikia mbawakawa walioletwa kwa kupenda, sisi tutalia na mdudu aliyekula shamba.

Karatasi, kwa Tanzania Bara: anzia TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na uulize kwa maandishi msimamo wa leo kuhusu kufuga wadudu na kuwasafirisha, maana umeona jinsi unavyobadilika. Kama jike unamtoa kwenye hifadhi ya msitu, kuna TFS pia. Kwa kuwa hawa ni wadudu wanaokula mimea, ofisi ya afya ya mimea, TPHPA, nayo inahusika mzigo unapovuka mpaka. Zanzibar wana mamlaka zao. Wasomaji wangu wa Kenya, kwenu ni KWS, na mlio karibu na Gede nendeni mkauone mradi kwa macho, mlipe kiingilio, mwulize mkulima aliye pale anapata pupa ngapi zinazokubaliwa kwa mwezi wa saba. Jibu lake lina thamani kuliko video kumi.

Na yule kijana wa mbawakawa kwenye chupa, nilimjibu amtoe kwanza maana chupa ya maji haina hewa, na alipotaka kujua zaidi nikamwuliza maswali manne: nani ananunua, atanunua tena lini, umemzalisha au umemwokota, na kibali kiko wapi. La kwanza alinijibu kwamba ni namba ya WhatsApp ya mtu asiyemjua, hataki kupigiwa simu, na anataka picha pamoja na mahali mdudu alipopatikana. Ukipata mnunuzi wa namna hiyo usimtumie picha, wala usimtajie kijiji.